Kuishi Bila Ngano Mpakani: Unga wa Bei Nafuu Kati ya Busia na Malaba

Malori yanayopanga foleni Malaba hubeba sehemu kubwa ya bidhaa ambazo Uganda huagiza kutoka ng'ambo, ngano ikiwemo. Ngano hiyo hushushwa katika bandari ya Mombasa, ikavuka Kenya nzima, kisha ikaingia Uganda kwenda kwa wenye viwanda vya unga. Kenya yenyewe hulima ngano Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Timau, lakini mavuno hayatoshi, kwa hiyo unga mwingi wa chapati na mkate wa Wakenya nao hutokana na ngano ya kununua nje. Ukiacha foleni hiyo na kushika barabara ya Busia, kupitia Adungosi na Alupe, unakutana na mzigo wa aina nyingine: vipande vyeupe vya muhogo vimeanikwa juu ya maturubai, na kando yake wimbi na mtama vinakaushwa tayari kwa kisiagi.

Kwa mtu ambaye daktari amemwambia asiguse ngano tena maishani, mzigo wa kwanza ni sumu na wa pili ni uhai. Huo wa pili ndio wa bei ya chini, umelimwa na jirani, na unaweza kumlisha asubuhi, mchana na jioni. Hata hivyo ni rahisi familia kutoka hospitalini na habari hiyo ikaanza kupiga hesabu za vyakula maalumu vya madukani, vile vya pakiti zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Pakiti hizo hutoka mbali na huuzwa mara kadhaa ya bei ya unga wa kawaida. Italia huwapa wagonjwa wake vocha za kila mwezi za kununulia vyakula hivyo. Alupe familia hujilipia, na ndiyo maana inafaa kujua mapema kwamba chakula chenyewe kimeshajaa sokoni.

Adui ni nani

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na ndiyo inayoushikilia mkate usibonyee baada ya kuumuka. Watu wengi huila miaka yote bila tatizo. Lakini takriban mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki. Kinga ya mwili wake ikikutana na gluteni hushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula husinyaa. Mtu anakula na kushiba, lakini mwili haupati kitu. Mtoto huharisha, tumbo huvimba, uzito hukwama. Mtu mzima huenda asiharishe kabisa, akajikuta tu na uchovu, mifupa dhaifu na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Dawa ya kumeza haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Aliyethibitisha kwamba ngano ndiyo yenye lawama ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa na shaka nayo tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, vita vilipoiletea Uholanzi njaa na mkate ukaadimika, watoto waliokuwa wagonjwa wa siliaki walionekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Dicke aliandika matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu ya mwaka 1950, na mpaka leo matibabu hayajabadilika.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa wa Wazungu tu. Mwaka 1999 watafiti walichapisha taarifa kwamba zaidi ya watoto 5 kati ya 100 wa Wasahrawi, jamii ya Sahara Magharibi, walikuwa nao. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya, na jamii hiyo hula ngano kwa wingi.

Hata hivyo, mtu wa Busia asikimbilie kuilaumu chapati. Upungufu wa damu na tumbo la kuharisha vina sababu nyingi katika eneo lenye malaria na minyoo. Ni Busia hii hii ambako mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi dawa za minyoo, uliochunguzwa na Michael Kremer, ambaye baadaye, mwaka 2019, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Amiba, giadia na kifua kikuu cha tumbo navyo hutoa dalili zinazofanana na za siliaki. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta chembe za kinga zinazotokea kwa sababu ya gluteni, na mara nyingi daktari hufuatiliza kwa kamera ya tumbo na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Vipimo hivyo kwa kawaida hupatikana katika hospitali na maabara kubwa. Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea: mgonjwa asiache ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha, chembe hizo hupungua, kipimo husema hana ugonjwa, na familia hurudi pale pale ilipoanzia.

Gunia kwa gunia

Baada ya majibu ya hospitali, hatua ya kwanza ni kwenda sokoni. Wimbi, mtama, uwele, mahindi, mchele, muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, kunde, ndengu, maharagwe, njugu, simsim, mayai, maziwa, nyama, omena na samaki wa Ziwa Viktoria vyote havina gluteni kwa asili yake. Ukiondoa mkate, chapati, mandazi, biskuti na tambi, chakula cha kawaida cha Mteso, Mkhayo, Mmarachi au Msamia kinabaki kama kilivyokuwa.

Wimbi si mgeni hapa. Ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Uganda na Ethiopia, maelfu ya miaka kabla mahindi na muhogo havijaletwa kutoka Amerika. Kituo cha utafiti wa mazao cha Alupe, kilicho chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kimefanya kazi miaka mingi na mazao haya haya: wimbi, mtama na muhogo. Mkulima wa hapa anazijua mbegu za wimbi za P-224 na U-15, na mtama wa Serena na Seredo uliotoka Serere, ng'ambo ya mpaka. Ugonjwa wa batobato ulipoikausha mihogo ya magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990, baada ya kuiangamiza ile ya Uganda, ni aina zinazostahimili, kama Migyera, zilizovuka mpaka na kurudisha zao hilo mashambani. Muhogo unaoanikwa leo kando ya barabara una historia hiyo.

Bei hupanda na kushuka kwa msimu, lakini mpangilio wake haubadiliki sana. Muhogo mkavu huwa chini, mtama na mahindi hufuata, na wimbi huwa juu ya vyote. Mchele hutegemea aina. Bunyala, upande wa kusini wa kaunti, kuna skimu ya umwagiliaji inayolima mpunga, na mashariki ya Uganda kuna Doho na Kibimba. Anayetaka mchele wa kusaga unga hana haja ya kununua ule wa kuvutia macho. Chenga, yaani mchele uliovunjika wakati wa kukoboa, huuzwa kwa bei ya chini na unga wake hauna tofauti.

Hapo ndipo upishi wa Wateso unapomfaa mwenye siliaki bila kukusudia. Atap, ugali wao, mara nyingi hutokana na muhogo mkavu uliosagwa pamoja na wimbi au mtama. Muhogo huongeza wingi na mshikamano, wimbi huongeza rangi, ladha na virutubisho. Anayechanganya gorogoro mbili za muhogo na moja ya wimbi hupata unga wa bei nafuu unaosongeka vizuri, na hakununua chochote cha ajabu.

Wakati wa kununua ni baada ya mavuno ya mvua za masika, Julai na Agosti, wimbi mpya unapoingia sokoni. Mwenye uwezo wa kuweka gunia moja humaliza miezi kadhaa bila kurudi sokoni bei ikiwa juu. Asiye na uwezo huo hushirikiana na ndugu au wanachama wa chama chake wakagawana. Kwa anayevuka kununua Uganda, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa chini ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nafaka zilizolimwa ndani ya Jumuiya zikapita bila ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, kiliwaweka maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja.

Lakini nafuu ya bei isimfanye mtu afumbe macho mbele ya ukungu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama hapa mpakani, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti ya kupimwa. Serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Njugu na mahindi yenye unyevu, harufu ya uvundo au punje za kijani na nyeusi hayafai kwa bei yoyote.

Punje moja isiyotakiwa

Kazi ngumu ya mwenye siliaki wa Alupe, basi, haiko katika kupata unga. Iko katika kuufikisha unga huo nyumbani ukiwa safi.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Ni kiasi kidogo mno. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kikichanganyika na gorogoro ya kilo 2 za unga wa wimbi kinatosha kuvuka kiwango hicho mara kadhaa. Na kijiko cha unga hupatikana kirahisi: katika kipimo kilichotoka kupimia ngano, katika gunia lililotumika mara ya pili, katika ungo wa jirani, na zaidi ya kote, ndani ya kisiagi.

Anza na punje. Wimbi wa sokoni huja na mchanga kwa sababu hupurwa na kuanikwa chini. Mama anayeijua kazi hupepeta kwanza kwa ungo hadi makapi yapeperuke. Kisha huzipitisha punje katika chekeche yenye matundu madogo. Punje ya wimbi ni ndogo kama ya mchanga mnene, hivyo hupenya, na punje ya ngano, shayiri au mahindi ikiwamo hubaki juu, ikaonekana na kutupwa. Baada ya hapo huzitia katika beseni la maji, huzikoroga kwa mkono kwa mzunguko, na kuzimimina upesi katika beseni la pili. Mchanga, kwa uzito wake, hubaki chini ya lile la kwanza. Hurudia hivyo mpaka vidole vikipapasa chini ya beseni visikute kitu. Ndipo huanika wimbi juu ya turubai safi, mbali na vumbi la barabara. Mtama unahitaji jicho zaidi, kwa kuwa punje yake inakaribiana kwa ukubwa na ya ngano. Tofauti iko kwenye umbo: mtama ni mviringo, ngano ni ndefu na ina mfereji katikati. Huo huchambuliwa kwa mkono kwenye ungo kama mchele.

Kisiagi ndicho chenye hatari kubwa. Mashine ile ile husaga chochote kinacholetwa, na unga wa mteja aliyetangulia hubaki kwenye kuta zake, kwenye bomba na kwenye mfuko wa nguo unaopokea unga. Kwa bahati nzuri, wenyeji wengi hununua unga wa ngano ukiwa tayari kwenye pakiti, kwa hiyo visiagi vingi vya vijijini husaga zaidi mahindi, muhogo, mtama na wimbi. Kinachoingiza ngano humo ni uji wa watoto. Kuna mazoea ya kuchanganya nafaka nyingi kadiri inavyowezekana, wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, omena, mchele na hata ngano, kwa imani kwamba wingi wa aina ndiyo lishe. Ndiyo maana unga wa uji uliokwisha kuchanganywa, wa kupimiwa sokoni au wa pakiti isiyotaja viungo vyake, haumfai mwenye siliaki.

Swali la kumuuliza mwenye mashine ni rahisi: “Kaka, hapa mnasaga ngano?” Akijibu ndiyo, itafutwe mashine nyingine. Isipopatikana, kuna namna ya kupunguza hatari. Mteja huwahi asubuhi, kabla ya wengine, mashine ikiwa imepigwa brashi. Hutanguliza kilo kadhaa za mahindi yake mwenyewe ili yasukume mabaki yaliyomo, na unga huo wa mwanzo huwekwa kando kwa ajili ya wanafamilia wengine au kuku. Hupokea wimbi wake katika mfuko wake aliouleta, hapokei katika ule wa mashine. Hatua hizi hazifikii usalama wa mashine isiyowahi kuona ngano, na anayedhurika upesi hapaswi kuzitegemea. Watu wachache wenye hitaji moja wanaweza kuchanga pesa wanunue mashine ndogo ya kusagia ya mkono au ya umeme itakayokaa nyumbani kwa mmoja wao, au wakarudia jiwe la kusagia ambalo bado liko katika baadhi ya maboma.

Nyumbani nako kuna ngano ya wengine. Mafuta yaliyokaangia mandazi hayafai kukaangia muhogo wa mgonjwa. Kibao na mti wa kusukumia chapati, chekeche na mwiko wa mbao huficha unga katika nyufa zake hata vikioshwa, kwa hiyo mgonjwa awe na vyake, vikiwekewa alama. Sufuria ya bati au chuma iliyosuguliwa vizuri haina tatizo.

Donge lishikweje?

Malalamiko ya kwanza ya anayepika bila ngano ni kwamba donge linakatika. Ni kweli, kwa kuwa gamu ya gluteni haipo. Madukani kuna unga wa gamu unaouzwa ghali kufanya kazi hiyo, lakini jikoni kwa Mkenya wa kawaida kuna vitu vitatu vinavyoweza kulishika donge: maji yanayochemka, yai na ndizi mbivu.

Maji yanayochemka hubadilisha wanga wa muhogo ukawa na mvuto. Chukua vikombe viwili vya unga wa muhogo laini. Weka nusu yake katika bakuli na chumvi, umwagie maji yaliyotoka kuchemka muda huo huo, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa mwiko hadi upate uji mzito wenye kung'aa. Subiri upoe kiasi cha mkono kuvumilia. Ongeza vijiko viwili vya mafuta na nusu iliyobaki ya unga, ukande mpaka donge liache kunata mikononi. Kata matonge, sukuma kila tonge kati ya karatasi mbili za nailoni zilizopakwa mafuta, kisha ubandue na kutia kwenye kikaango cha moto. Inatoka chapati nyeupe inayokunjika, nayo huliwa ikiwa moto. Yai moja likiongezwa kwenye donge, huwa laini zaidi.

Ndizi mbivu hufanya kazi ya sukari, ya maji na ya gundi kwa pamoja, na hakuna ushahidi mzuri kuliko kabalagala ya Uganda. Mwokaji huchukua ndizi ndogo tamu zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi. Huzimenya na kuziponda kwa mkono katika beseni mpaka ziwe rojorojo. Hakuna tone la maji linaloongezwa. Hutia unga wa muhogo kidogo kidogo akikanda, mpaka rojo igeuke donge laini la rangi ya krimu. Hulisukuma nene kiasi cha nusu kidole, hukata viduara kwa mdomo wa kikombe, na kukaanga kwa moto wa wastani, kwani moto mkali huunguza sukari ya ndizi kabla ndani hakujaiva. Kila kilichomo hakina gluteni. Anayeinunua barabarani aulize kwanza, kwa maana wapo wanaoongeza unga wa ngano, na wapo wanaokaanga katika mafuta ya mandazi.

Pwani ya Waswahili nayo ina hazina ya aina hii. Mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, kisha ukaumuliwa na kuokwa. Vitumbua na vibibi ni mchele. Bhajia za viazi hupakwa unga wa dengu. Mpishi wa Busia asiyepata nazi kwa bei nzuri anaweza kusagia mchele wake kwa maziwa, na chenga zile za bei ya chini zinafaa kabisa kwa kazi hii. Ethiopia nako watu wengi hula injera ya tefu, nafaka isiyo na gluteni.

Na fikra ya kurudi kwenye muhogo haiwahusu wagonjwa peke yao. Bei ya ngano ilipopaa duniani mwaka 2022 kufuatia vita vya Ukraine, Rais Museveni aliwaambia Waganda katika sherehe za Siku ya Wafanyakazi kwamba mkate ukikosekana wale muhogo. Wapo waliokasirika. Mwenye siliaki, hata hivyo, hana budi kuuchukua ushauri huo kwa moyo mmoja.

Kushiba na kujengeka

Muhogo peke yake haumjengi mtu. Ni wanga karibu mtupu, na protini yake ni kidogo sana. Mihogo michungu pia hubeba kemikali zinazotoa sayanidi, ndiyo maana watu wa ukanda huu huimenya, huikatakata, huirundika siku kadhaa ichachuke, huikwangua ukungu na kuikausha kabla ya kuisaga. Atakayetaka kuokoa muda kwa kuruka hatua hizo atajiumiza. Kongo, Msumbiji na Tanzania zimeshuhudia konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, pale watu walipokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku wakikosa protini.

Basi sahani ya mwenye siliaki inahitaji wenzake wa muhogo. Wimbi una takriban miligramu 340 za kalisi katika kila gramu 100, mara nyingi zaidi ya ngano au mchele, na kalisi ndiyo hasa inayohitajika na mifupa iliyokonda kwa sababu utumbo haukuwa ukifyonza. Omena, wanaoliwa na mifupa yao, huongeza kalisi na protini kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Kunde, ndengu na maharagwe huleta protini, chuma na foleti. Foleti inastahili kuangaliwa, kwa sababu tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti uongezwe virutubisho, na anayeuacha huacha na nyongeza hiyo. Wimbi ukichipushwa kabla ya kusagwa, au uji wake ukichachushwa usiku mmoja, madini yake ya chuma hufyonzwa vizuri zaidi. Bibi wa Kiteso anayetengeneza kimea cha ajon, pombe ya wimbi, anaijua kazi ya kuchipusha kuliko mtu yeyote.

Palipojificha ngano

Shayiri ndiyo inayowapita wengi. Bia nyingi za chupa hutokana na kimea chake, na vinywaji kadhaa vya unga vya kuchanganya na maziwa vya watoto vina kimea hicho hicho. Soseji huweza kujazwa unga wa ngano. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Supu za pakiti na baadhi ya viungo vya mchuzi huongezewa unga ili viwe vizito. Oti zenyewe hazina gluteni, lakini kwa kawaida hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano au shayiri, kwa hiyo za dukani zisizo na uthibitisho ziachwe. Mchuzi wa hotelini huenda umekolezwa kwa unga wa ngano, na vibanzi huenda vimekaangwa katika mafuta ya sambusa.

Mtoto wa shule ana mtihani mkubwa kuliko mtu mzima. Saa nne, wenzake wakiwa na mandazi, naye awe na kitu cha mkononi: kabalagala ya nyumbani, kiazi kitamu cha kuchemsha, njugu za kukaanga au ndizi. Githeri ya shule humfaa. Mwalimu aelezwe wazi kwamba kumnyima mtoto huyu mkate si ubaguzi, na asimpe kipande kwa kumhurumia. Kwenye harusi, matanga na Krismasi, chapati ndiyo heshima ya mgeni, na kuikataa huweza kueleweka vibaya. Ni afadhali kumwambia mwenyeji mapema, “Shangazi, tumbo langu lilikatazwa ngano, lakini ugali wako wa wimbi nitaula,” kuliko kuila chapati kwa adabu na kuugua baadaye.

Alupe ina kituo cha utafiti, ina chuo kikuu, ina hospitali, na imezungukwa na wakulima wa mazao haya. Kisiagi kimoja tu kinachokataa ngano, kikiandika hivyo mlangoni na mwenyewe akasimamia ahadi hiyo, kingewaondolea wagonjwa wa kutoka Busia hadi Amagoro sehemu kubwa ya mashaka yao. Mwenye kisiagi hatapoteza wateja wengi, kwa kuwa wengi humletea mahindi na muhogo tu. Mgonjwa naye arudi hospitalini miezi 6 hadi 12 baada ya kubadili chakula, apimwe tena damu. Chembe zikiwa zimeshuka, familia itajua kwamba unga wake ni safi. Zikiwa juu bado, kazi ni kurudi kuchunguza gunia, mashine na chekeche, kimoja kimoja, mpaka ngano ipatikane ilikojificha.